Kiingereza cha usaili kipimwe waziwazi

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, ikapokea maombi 135,027. Kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85. Mwanzoni mwa mwaka huohuo walimu 201,707 waliwania nafasi 14,648, nao, tofauti na kaka na dada zao waliozoea kupangiwa vituo bila usaili, wakaingia kwenye vyumba vya mtihani na kalamu mkononi. Wenye kumbukumbu hawajasahau Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kwa ajili ya nafasi 70 za Uhamiaji.

Kwa wingi huo mchujo hauepukiki, wala mimi si mpinzani wa mchujo. Tumeishi zama ambazo ajira ya Serikali ilipatikana kwa kimemo na kwa kujuana. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, imetufikisha mahali ambapo mtoto wa mkulima wa Namtumbo anaomba kazi kwa simu yake, analiona jina lake kwenye orodha ya walioitwa, na anaketi chumba kimoja na mtoto wa mkubwa. Hilo tulilinde. Ninacholalamikia kimejificha ndani ya karatasi yenyewe ya maswali.

Kwa kada nyingi zinazodai stashahada au shahada, usaili wa mchujo huandikwa kwa Kiingereza. Karatasi inaitwa ya uhasibu, ya uuguzi, ya maendeleo ya jamii, ya utunzaji wa kumbukumbu. Ukiisoma kwa makini utaona inapima mambo mawili kwa mpigo: kama mwombaji anaijua kazi, na kama Kiingereza chake kinamtosha kufahamu anaulizwa nini. Alama inayotoka ni moja tu. Aliyepata 48 akaikosa 50 hajui ameangushwa na lipi kati ya hayo mawili, na Serikali iliyomkosa haijui pia.

Nimefundisha Kiingereza sekondari maisha yangu yote ya kazi. Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa jioni na Jumamosi na wahitimu wanaojiandaa na usaili hapa Morogoro, tukipitia sarufi na msamiati. Nakipenda Kiingereza, kimenilisha na kimesomesha watoto wangu. Ni kwa sababu nakijua vizuri ndiyo maana nayaona madhara yake kinapowekwa mahali pasipo pake.

Mmoja wa wahitimu hao ni binti mwenye stashahada ya uuguzi, aliyekwisha kujitolea katika kituo cha afya muda mrefu kuliko wengi walioajiriwa. Nilimtungia swali la mazoezi kwa mtindo anaokutana nao. Lilisema kuwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wasipewe vinywaji mdomoni "unless", halafu likafuatiwa na majibu manne ya kuchagua. Akaweka alama kwenye jibu lisemalo mgonjwa anatapika mfululizo. Nikaigeuza karatasi, nikamuuliza kwa Kiswahili: binti yangu, mgonjwa katoka chumba cha upasuaji sasa hivi, anaomba maji, utampa lini? Hakusita hata kidogo. "Mwalimu, kwanza namwangalia fahamu zimerudi au la. Halafu natazama kama anaweza kumeza. Hawezi kumeza, simpi, maji yataingia kwenye mapafu. Na nisome pia maelekezo ya daktari, maana kuna upasuaji wa tumbo ambao hata akiwa macho kabisa hanywi." Jibu lake lilikuwa pana kuliko swali langu. Lililomkosesha ni "unless", ambalo yeye alilisoma kama "when", na kwa usomaji huo alichokichagua kilikuwa sahihi kabisa: anayetapika hapewi kinywaji.

Watunga maswali wanapenda sana maneno ya namna hiyo. Utakuta "all of the following except", utakuta "which is least likely", utakuta makanusho mawili ndani ya sentensi moja. Kwa Mwingereza mwenyewe maswali hayo yanachosha. Kwa mtu aliyesoma Kiingereza kama somo la dakika arobaini, akiwa kwenye chumba cha watu mia mbili na saa inakimbia, yanageuka mtego. Vitabu vinavyofundisha utungaji mzuri wa mitihani vinashauri makanusho yaepukwe kwenye maswali ya kuchagua, na yakilazimika yapigiwe mstari au yaandikwe kwa herufi kubwa. Ushauri huo hauna gharama yoyote kuufuata.

Tazama jinsi lugha inavyobadilika njiani. Matangazo mengi ya nafasi za wizara na halmashauri hutolewa kwa Kiswahili, na majukumu ya kazi yameorodheshwa kwa Kiswahili. Matangazo yaliyo kwa Kiingereza nayo husema kuwa barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kisha kijana anafika kwenye mchujo, Kiswahili kinatoweka. Akipita, akapangiwa kituo, siku ya kwanza anakabidhiwa jalada masijala na kuambiwa aandike dokezo sabili kwa mkuu wake. Ataandika kwa Kiswahili. Ataomba masurufu ya safari kwa Kiswahili, atachukua muhtasari wa kikao kwa Kiswahili, atamjibu mwananchi aliyekuja na malalamiko kwa Kiswahili. Utumishi wa umma wa nchi hii una Kiswahili chake kilichokomaa, chenye istilahi zake, na kimetumika kwa miongo kadhaa. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, ndiye aliyeagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mchujo ndio kizingiti ambacho agizo hilo bado halijakivuka.

Mahakama, ambayo watu waliamini haiwezi kuachana na Kiingereza, imeanza kuachana nacho. Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, na Februari 2021 Rais Magufuli akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akikitaja kitendo hicho. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kama hoja za kisheria zinaweza kujengwa kwa Kiswahili mbele ya jaji, sioni swali la utunzaji wa kumbukumbu linaloshindwa kuulizwa kwa Kiswahili.

Ni nani anayeumia? Swali hili lina jibu ambalo kila mzazi analijua. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, kwa ada ambayo mshahara wa mwalimu hauifikii, anaingia kwenye mchujo akiwa hana haja ya kufikiria lugha. Anafikiria jibu tu. Mwenzake alisoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, akaingia moja ya sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004, akapewa wiki chache za kozi ya kuhamia lugha nyingine, kisha fizikia, historia na jiografia zote zikamjia kwa Kiingereza siku moja. Somo la Kiingereza limekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini katika mtihani wa darasa la saba kwa miaka mingi. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikwisha kuliona tatizo hili mwaka 1982 na ikapendekeza Kiswahili kiingie sekondari. Pendekezo halikutekelezwa. Huyu kijana wa shule ya kata akafaulu pamoja na yote hayo, akamaliza chuo, akapata cheti kinachotambuliwa na Serikali ileile inayomsaili. Halafu mchujo unamrudisha kwenye udhaifu ambao hakuuchagua, na unauita udhaifu huo kutojua kazi.

Hata hivyo usaili ujao utakuja kabla ya mabadiliko yoyote. Siwezi kuwaambia vijana waweke kalamu chini wakisubiri sera. Nitumie nafasi hii kusema ninayoyaona mezani, kwa sababu juhudi nyingi zinapotea bure.

Kinachopoteza muda kuliko vyote ni orodha za maneno. Kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram kunazunguka mafaili ya kurasa nyingi yenye visawe na kinyume, mengine yanauzwa kwa elfu mbili, elfu tano, kwa ahadi kwamba ndiyo maswali yenyewe ya usaili. Kijana anakariri "abate", "candid", "obsolete", kurasa kwa kurasa. Neno lililokaririwa peke yake halikai, na likikaa halijui liende na nani. Nimewaona watu wanaojua maana ya "comply" lakini hawajui kwamba linafuatwa na "with", na hapo ndipo swali lilipo.

Msamiati wa usaili unakaa kwenye sheria na miongozo ya kada unayoiomba. Anayewania kazi ya kodi achukue Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, asome kifungu kimoja au viwili kila siku, kwa sauti, kisha aandike kwa maneno yake kilichosemwa. Humo atakutana na "assess", "remit", "waive" na "refund" zikiwa kazini, kila moja na kihusishi chake. Humo atajua kwamba kukwepa kodi ni kosa la jinai, ila kupanga mambo yako upunguze kodi kwa njia zinazoruhusiwa ni jambo jingine, na kwamba Kiingereza kinatumia "evasion" kwa la kwanza na "avoidance" kwa la pili. Humo atang'amua pia kwa nini bidhaa "exempt" na bidhaa "zero-rated" zote hazimtozi mnunuzi kodi ilhali muuzaji wa hiyo ya pili anaruhusiwa kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake na wa ile ya kwanza haruhusiwi. Hapo amejifunza lugha na kazi kwa wakati mmoja. Hakuna orodha ya visawe itakayompa hayo.

Na kuna maneno madogo yenye uzito mkubwa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kuwa "shall" ni amri na "may" ni hiari. Swali linaloanza na moja ya hayo linabadilika kabisa ukiyachanganya. Afisa anayedhani "may" ni lazima atatoa jibu la kumnyima mwananchi haki, na kwenye karatasi atapoteza alama. Ningemshauri kijana atumie juma zima kwenye maneno ya aina hii: "unless", "until", "except", "whereas", "provided that", "notwithstanding", "either" na "neither". Ni machache, na ndiyo yanayoshika usukani wa sentensi.

Kwenye sarufi, makosa ya wahitimu wetu hayatokei ovyo. Yanatoka kwenye mantiki ya Kiswahili, lugha yenye utaratibu wake, na ukiyafahamu yanakotoka unayatibu haraka. Sisi husema "nimemwona jana" bila shida. Kiingereza kinakataa "have seen" ikae na "yesterday", kinataka wakati uliokwisha. Sisi tunasema "ingawa amechelewa lakini ataingia", na masikio yetu yanapendezwa na viunganishi viwili. Kiingereza kinachukua kimoja, "although" au "but". Viambishi vyetu havitofautishi mume na mke, kwa hiyo msomi mwenye shahada anaanza aya akimzungumzia mkurugenzi mwanamke kwa "she" na anaimaliza kwa "he" bila kusikia kosa.

Gumu kuliko yote ni usemi wa taarifa, nalo halikosekani kwenye karatasi za sarufi. Mkurugenzi akisema jana, "Ninaondoka kesho", mimi nikikupa habari leo nitasema: mkurugenzi alisema anaondoka. Kitenzi chake kinabaki vilevile, kwa sababu Kiswahili kinaheshimu wakati wa msemaji. Kiingereza kinakirudisha kitenzi nyuma, "said that she was leaving", na ile kesho inageuka "the following day". Kijana anayefanya zoezi hili kwa kukariri kanuni anachanganyikiwa kwenye swali la tatu. Anayelifanya kwa mdomo, wawili wawili, mmoja akisema na mwenzake akiripoti kwa mtu wa tatu, linamkaa baada ya jioni chache. Nimewagawa hivyo kwenye diskasheni zetu na nimeona tofauti. Sentensi za masharti nazo ni hivyo hivyo, ila hapo Kiswahili kinatusaidia: anayetofautisha vizuri "angekuja" na "angalikuja" ana nusu ya safari ya kuelewa kwa nini Kiingereza kinasema "would come" hapa na "would have come" pale. Wanafunzi wangu waliofaulu vizuri Kiswahili cha kidato cha nne hushika sarufi ya Kiingereza upesi kuliko wenzao. Hilo nimelishuhudia darasani mara nyingi mno kulipuuza.

Upatanisho wa kiima na kitenzi unahitaji mazoezi ya macho. Kwenye "neither the accountant nor the auditors", kitenzi kinafuata nomino iliyo karibu nacho, hivyo ni "were". Kwenye "one of the officers" ni "is", hata kama maofisa ni kumi. Vijana wanajua kanuni zote mbili ukiwauliza, lakini swali likiwa refu, kati ya kiima na kitenzi yakapita maneno kumi, jicho linasahau. Dawa yake ni kuandika. Aya moja kila siku, kuhusu kazi unayoiomba, kisha mwenzako aisome na kalamu nyekundu. Wengi hawapendi kuandika kwa sababu maswali ni ya kuchagua. Wakikataa kuandika wanajinyima zoezi linalonoa jicho kuliko jingine lolote, na wakipita mchujo, kwenye usaili wa mahojiano watatakiwa kutunga sentensi zao wenyewe mbele ya jopo.

Nirudi kwa Serikali. Kuna nchi yenye foleni ndefu kuliko yetu na lugha nyingi kuliko zetu, na imelazimika kulitolea uamuzi suala hili hadharani. India, kwa kazi za ngazi ya kati za Serikali Kuu, hatua ya kwanza ya mtihani wa wahitimu wa vyuo unaoitwa CGL ina maswali 100 katika sehemu nne, na 25 kati yake ni ya Kiingereza. Mwongozo wa CGL unazitaja wazi aina za maswali ya Kiingereza: kutafuta kosa katika sentensi, kujaza nafasi, visawe na kinyume, tahajia, misemo, kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa, ufahamu. Ukijibu vibaya unakatwa nusu alama. Mtihani ni mgumu na unalalamikiwa, lakini mwombaji anajua Kiingereza kinapimwa wapi, kwa kiasi gani, na kwa maswali ya aina gani. Hesabu anaulizwa kando, na anaweza kuisoma kwa Kihindi.

Kwa kada za juu, Tume yao ya Utumishi wa Umma inawaruhusu waombaji kujibu karatasi kuu kwa lugha yoyote kati ya 22 zilizo kwenye Jedwali la Nane la Katiba. Kiingereza kina karatasi yake ya kiwango cha darasa la kumi. Lazima uipite, lakini alama zake hazihesabiwi katika kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mwaka 2014 vijana waliosoma kwa Kihindi na lugha nyingine waliandamana Delhi wakidai kuwa maswali ya Kiingereza katika mtihani wa awali yanawabeba waliosoma shule za gharama, na Agosti ya mwaka huo Serikali ikatangaza kuwa alama za maswali hayo hazitahesabiwa. Mwaka 2023 walipanua zaidi: mtihani wa kada ya chini ya wahudumu wa ofisi ukaanza kutolewa kwa lugha 13 za majimbo pamoja na Kihindi na Kiingereza. Karatasi moja kwa lugha 15. Sisi tunaulizwa juu ya mbili.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa mikataba ya wawekezaji imeandikwa kwa Kiingereza, miongozo ya tiba iko kwa Kiingereza, viwango vya kimataifa vya uhasibu viko kwa Kiingereza, na Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Yote ni kweli, nami nimeyasema darasani kwa sauti kubwa. Muuguzi lazima asome maelezo ya dawa. Mhasibu lazima asome viwango. Mwanasheria wa Serikali anayekaa meza moja na kampuni ya madini bila Kiingereza cha uhakika anaweza kuligharimu taifa. Basi apimwe Kiingereza, na apimwe vikali, kwenye karatasi inayoitwa Kiingereza, yenye kiwango kinacholingana na kazi yake. Mwanasheria apewe mkataba aufafanue. Muuguzi apewe maelezo ya dawa ayasome. Hapo tutajua kweli kama wanakiweza. Kwa utaratibu wa sasa hatujui: muuguzi anaweza kupita kwa kubahatisha vizuri "unless" tatu na bado akashindwa kusoma kikaratasi ndani ya boksi la dawa.

Nitaambiwa pia istilahi za Kiswahili hazitoshi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na kushughulikia istilahi ni sehemu ya kazi yake. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha kamusi za istilahi za sayansi na za tiba. Na panapokosekana neno, Kiingereza kiko upande wa pili wa karatasi.

Hicho ndicho ninachokiomba: karatasi ya lugha mbili. Swali lilelile, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, mwombaji asome anapopataka. Hakuna anayepoteza. Aliyesoma kwa Kiingereza anabaki na Kiingereza chake. Sekretarieti ianze na kada zinazomhudumia mwananchi uso kwa uso, wauguzi, maafisa maendeleo ya jamii, watunza kumbukumbu, kisha ilinganishe matokeo na ya miaka iliyopita na kuyatangaza. Kama waliofaulu watakuwa walewale, nitakubali kwamba lugha haikuwa tatizo. Tangazo la kuitwa kwenye usaili, ambalo leo hutaja tarehe, mahali, kitambulisho na vyeti halisi vya kubeba, litaje pia maeneo yatakayoulizwa na sehemu ya Kiingereza iliyomo. Kijana wa Namtumbo hana mjomba wa kumnong'oneza nini kinaulizwa, na hao wanaouza mafaili ya elfu tano wanakula kwa sababu ya ukimya huo.

Walio na uamuzi ni Sekretarieti yenyewe na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Nawaomba walizingatie hili kabla ya awamu nyingine ya usaili kutangazwa. Nanyi mliokaa kwenye mchujo mkatoka mkijua kuwa jibu mlikuwa nalo, ila swali hamkulielewa, waandikieni. Elezeni kada yenu, aina ya swali na neno lililowakwamisha. Waandikieni kwa Kiswahili.